Kupima matiti ukiwa mzima: hatua kwa hatua

Nikimuuliza mama aliyekuja na uvimbe mkubwa mbona amekawia, jibu ni lile lile: "Nesi, si ulikuwa hauumi?" Uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi. Ndiyo maana tunataka uje wakati huna dalili yoyote.

Hatua ya 1: Panga siku. Kama bado unaingia hedhi, njoo wiki moja hivi baada ya kuanza siku zako. Kabla ya hapo matiti hujaa na kuuma, utatishika bure.

Hatua ya 2: Yajue matiti yako. Mbele ya kioo tazama ngozi iliyobonyea au yenye vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama ghafla au inayotoa damu. Kisha lala chali, mkono nyuma ya kichwa. Tumia nyama ya vidole vitatu vya kati, si ncha, ukizungusha taratibu: gusa juu juu, bonyeza kiasi, kisha kandamiza hadi usikie mbavu. Anzia kwenye mtulinga, shuka hadi chini ya titi, umalizie kwapani. Hata hivyo, mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, huona vivimbe vidogo ambavyo vidole havivipati.

Hatua ya 3: Nenda kituoni. Ukienda kupima mlango wa kizazi, omba na matiti yakaguliwe. Taja wagonjwa wa saratani katika ukoo, upande wa baba pia. Huo wengi huusahau. Ukoo wako ukiwa safi usijiaminishe: karibu nusu ya wagonjwa hawana kihatarishi kingine zaidi ya kuwa wanawake waliovuka miaka 40.

Hatua ya 4: Mamografia. Mahali penye huduma za afya zilizokamilika, Shirika la Afya Duniani hushauri kipimo hiki kila miaka 2 kwa wenye miaka 50 hadi 69. Marekani, tangu 2024, wanashauriwa kuanzia 40. Siku hiyo usipake deodoranti wala poda: kwenye picha huonekana kama chembe za chokaa, nazo ndizo tunazozitafuta kama dalili ya saratani. Vaa blauzi na sketi, gauni litakusumbua. Titi litabanwa kati ya sahani mbili kwa sekunde chache. Linauma kidogo, sikudanganyi.

Hatua ya 5: Fuatilia majibu. Hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Kuitwa tena si kuambiwa una saratani. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Ukiambiwa uchukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa kwa sindano kikapimwe maabara, kubali. Yale maneno ya mtaani kwamba sindano inasambaza ugonjwa yamewakimbiza watu hadi kwa waganga, na si kweli. Bila kinyama hakuna daktari anayejua akupe dawa gani. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni utambuzi ukamilike ndani ya siku 60, kwa hiyo majibu yakikawia, rudi ukayadai. Ondoka na picha zako, uzitunze pamoja na kadi ya kliniki: safari ijayo daktari atataka kuzilinganisha na mpya.