Somo: Namna ya kuunda polisi ya kijeshi ya nchi yako ya kubuni

Jambo kwenu, waandishi wenzangu wa Lubumbashi, na ninyi mnaotusoma toka Likasi, Kipushi na Kolwezi.

Nimesoma nchi nyingi mlizobuni. Ramani zinapendeza, bendera zinapendeza, majeshi yana ndege na manowari. Lakini tukifika kwenye polisi ya kijeshi, karibu kila mtu ananiletea kitu kilekile: orodha ya vyeo kuanzia askari hadi jenerali, basi. Orodha ya vyeo bado haijawa polisi. Leo naomba tuende pole pole, kwa sababu watu wa hapa kwetu wanajua vizuri askari asiye na wa kumkamata anafananaje. Ukiwadanganya hapo, hawatakuamini tena hata ukiwaambia mvua imenyesha.

Mfano wangu ni nchi ya Sambalu, niliyoibuni kwa ajili ya somo hili: watu milioni 4, wanajeshi 12,000, ziwa upande mmoja, migodi upande wa pili.

Hatua ya kwanza: anza na makosa

Chukua daftari. Usiandike cheo hata kimoja. Andika mabaya ambayo askari wa nchi yako anaweza kuyafanya siku ya kawaida, siku isiyo na vita. Dereva wa jeshi amelewa, amemgonga muuza mikate. Mtunza ghala anauza mafuta ya malori usiku. Luteni amepanga nyumba mwaka mzima na halipi, akijua mwenye lupango, yaani mwenye nyumba, anaogopa bastola yake. Kijana ametoroka kambi kwenda kumzika mama yake, kwa kuwa ruhusa ilichelewa.

Huyo wa mwisho mtazame sana. Kwenye karatasi ni mtoro kama watoro wengine. Namna polisi yako inavyomrudisha kambini, kwa pingu au kwa kumngoja hadi matanga yaishe, itamwambia msomaji nchi yako ni ya namna gani.

Ukimaliza, kila kosa litakuzalia kazi yake: doria, ukaguzi wa ghala, kutafuta watoro, upelelezi, kulinda buloko, yaani mahabusu ya kambi. Kisha ongeza kazi za vita. Kuongoza misafara ya magari. Kuwapitisha raia wanaokimbia kwa njia isiyogongana na njia ya silaha. Kupokea mateka. Hii ya mateka wengi wanaisahau. Mkataba wa tatu wa Geneva wa mwaka 1949 unasema mfungwa wa vita yuko mikononi mwa dola iliyomshika, wala si mikononi mwa kikosi au mtu aliyemkamata. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumtoa haraka kwa wale waliopigana naye asubuhi ile, wakiwa bado na hasira ya wenzao waliokufa. Katika majeshi mengi mtu huyo ni polisi wa kijeshi.

Hatua ya pili: jina

Jina linaweza kukupotosha. Brazil wana kikosi kinachoitwa Polisi ya Kijeshi, lakini ni polisi wa majimbo, wanaokamata raia mitaani. Jeshi lenyewe lina polisi wake tofauti. Ufaransa wana jandarmeri, ambao ni wanajeshi wanaofanya upolisi wa raia, hasa vijijini, na sehemu yao ndogo inafuatana na majeshi kuchunguza makosa ya askari nje ya nchi. Na sisi watu wa Katanga tuna mfano wa nyumbani. Kati ya 1960 na 1963, Katanga ilipojitenga na Kongo, jeshi la kiongozi wake Tshombe liliitwa Jandarmeri ya Katanga. Wazee wetu wanasema hadi leo "bajandarme". Lakini wale walikuwa jeshi la kupigana.

Sambalu nimechagua "Ulinzi wa Nidhamu". Watu mtaani watawaita "banidamu", kwa sababu ulimi wa mtaa haungoji ruhusa ya wizara. Wewe pia tafuta jina rasmi, halafu tafuta jina ambalo mama muuza maharagwe angelitumia.

Hatua ya tatu: amri inatoka wapi

Hapa ndipo nchi nyingi zenu zinaangukia. Mmeweka polisi ya kijeshi chini ya mkuu wa brigedi. Sawa, sasa mkuu wa brigedi mwenyewe akiuza risasi, nani atamkamata? Askari anayeandikiwa likizo naye?

Tenganisha kazi tatu: anayekamata, anayeshtaki, anayehukumu. Kwetu Kongo sheria mbili za tarehe 18 Novemba 2002 ndizo zinazopanga mambo haya. Mashtaka ni kazi ya oditora ya kijeshi, na mahakama zimepangwa kwa ngazi. Askari mwenye cheo kilicho chini ya majoro anahukumiwa na mahakama ya kijeshi ya garnizoni. Kuanzia majoro hadi koloneli ni Korti ya kijeshi. Jenerali anakwenda Korti Kuu ya kijeshi. Pia hakimu wa kijeshi hatakiwi kuwa na cheo kilicho chini ya cha mshtakiwa. Angalia jambo hili vizuri kabla hujafika hatua ya nne: mahakamani, cheo kinahesabiwa. Je, barabarani wakati wa kukamata kinahesabiwa vilevile?

Mimi nasema hapana, na somo lote linasimama hapo. Baba yangu mkubwa alikuwa mlinzi wa lango kwenye kiwanda kimoja hapa mjini. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa wote waliopita pale. Saa ya kutoka, injinia alisimama, akafungua mkoba wake, naye akatazama ndani. Hakupandishwa cheo kwa dakika ile. Alikuwa amepewa lango. Polisi wa kijeshi ni mtu aliyepewa lango. Nchi yako ikilielewa hilo, vyeo vitakaa vyenyewe.

Hatua ya nne: vyeo

Sasa ndiyo tunaweza kuandika. Sambalu ina polisi wa kijeshi 480. Hawana askari wa kawaida hata mmoja; anayemaliza mafunzo anatoka akiwa kaporali. Sikujitungia hilo. Uingereza, askari wa polisi ya kijeshi anapewa cheo cha kaporali mdogo anapomaliza mafunzo, ili asisimame mbele ya wenzake mabega yakiwa matupu.

Makaporali 270 ndio wa doria na bariyeri, yaani vizuizi vya barabarani. Maserjani 120 wanaongoza doria hizo na kuandika ripoti ya kwanza, ile inayosomwa mahakamani baadaye. Maserjani wa kwanza 48 ni wapelelezi wa ghala, magari na hesabu. Maajida 20, walio juu ya maserjani na chini ya maofisa, wamegawanywa kambini. Juu yao kuna maajida wakuu wanne, mmoja kwa kila kompanyi, na kazi yao ni daftari la buloko: jina la aliyeingizwa, saa aliyoingia, nani alimleta. Nimewapa saa 48 za kumfikisha mtu mbele ya mwendesha mashtaka au kumwachia, kipimo kilekile cha kifungu cha 18 cha Katiba yetu ya 2006. Ajida mkuu akikataa kuandika jina la uongo, hadithi nzima inageuka. Ningekuwa ninyi, shujaa wangu angekuwa yeye, si koloneli.

Maofisa ni 18 tu: maluteni kumi, makapiteni watano (wanne wa kompanyi, mmoja wa makao makuu), mamajoro wawili, mmoja wa upelelezi na mmoja wa barabara, na koloneli mmoja. Jenerali hayupo. Koloneli anateuliwa kwa miaka sita na harudi tena kwenye jeshi la kawaida, kwa sababu anayengoja nyota kutoka kwa watu anaotakiwa kuwachunguza atajifunza kufumba macho.

Jambo moja zaidi: usiweke dari kwenye ngazi. Force Publique, jeshi la Wabelgiji katika Kongo ya ukoloni, iliweka. Hadi 1960 hakuna Mkongomani aliyekuwa ofisa. Mwisho wake ulikuwa ajida. Tarehe 5 Julai 1960, siku tano baada ya uhuru, mkuu wake Mbelgiji, Jenerali Janssens, aliandika ubaoni mbele ya askari kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Siku hiyohiyo kambi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, iliasi. Waziri mkuu Lumumba alijaribu kutuliza moto kwa kumpandisha kila askari cheo kimoja, na haikutosha. Jeshi linaweza kuvunjika kwa sababu ya ngazi. Kwa hiyo Sambalu kaporali anaweza kuwa koloneli, na nimeandika miaka na mitihani ya kila kipandio.

Hatua ya tano: alama

Fupi tu. Lazima waonekane kwa mbali, usiku, kwenye vumbi. Waingereza wana kofia nyekundu. Sambalu wana kitambaa cheupe mkononi, na asiyekivaa hana ruhusa ya kukamata mtu, hata kama wote wanamjua.

Hatua ya sita: jaribu kwenye bariyeri

Andika ukurasa mmoja. Usiku, mvua, serjani wa polisi ya kijeshi anasimamisha gari la koloneli. Ndani kuna magunia ambayo hayamo kwenye karatasi ya safari. Serjani anapiga saluti kwanza, kwa sababu heshima ni deni. Kisha anaomba karatasi. Koloneli anamwambia: "Unajua mimi ni nani?" Serjani atajibu nini? Ukishindwa kuandika jibu lake, rudi hatua ya tatu. Sheria yako bado haijampa lango.

Maulizo ya wanachama

Kijana wa Ruashi: Yaya, aksanti sana kwa somo. Niko na ulizo. Polisi ya kijeshi inaweza kukamata raia?

Jibu: Mdogo wangu, hilo amua kwenye katiba ya nchi yako, tena mapema. Sambalu wanaweza kumzuia raia aliyeingia kambini bila ruhusa, wamkabidhi polisi wa kawaida asubuhi. Zaidi ya hapo hapana. Na ujue mipaka hii haifanani kila nchi. Kwetu kifungu cha 156 cha Katiba kinawapeleka hata polisi wa taifa mbele ya mahakama za kijeshi wakifanya kosa, ingawa polisi si wanajeshi.

Mama mwalimu wa Kamalondo: Baba, umehesabu watu 480 na hukutaja mwanamke hata mmoja. Kambi za hapa kwetu zina wake, watoto, wajane. Nani atampekua mama aliyeshukiwa? Nani atamsikiliza mke wa askari aliyepigwa usiku?

Jibu: Mama, umenisahihisha, na nimebadilisha Sambalu leo. Kila kambi sasa ina serjani wa kwanza mwanamke mwenye ofisi yake karibu na nyumba za familia, mbali na ofisi ya mkuu wa kambi, ili anayekwenda kulalamika asionwe na kila mtu. Kumpekua mwanamke ni kazi ya mwanamke peke yake. Pia nimeongeza kwenye daftari la hatua ya kwanza makosa ya nyumbani, ambayo sikuwa nimeyaandika. Kambi ni kijiji, na polisi anayejua ghala tu hajui kambi.

Mwanachama wa Kipushi: Nchi yangu ni kisiwa, askari 800 tu. Niweke koloneli kama wewe?

Jibu: Hapana, ndugu. Kapiteni mmoja anatosha, na watu kama thelathini chini yake. Lakini mwandikie njia ya kumfikia waziri moja kwa moja. Kwenye kisiwa kidogo wote ni shemeji, na kapiteni anayepitia kwa shemeji yake hatafika.

Mwanachama wa Likasi: Babu yangu alikuwa akisema kwamba mkuu wa kwanza wa jeshi la Kongo huru alitoka kwetu Jadotville, tena alikuwa burgumestri, yaani meya. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli kabisa. Victor Lundula alikuwa amewahi kutumika Force Publique, na mwaka 1960 alikuwa burgumestri wa Jadotville, ambayo leo ni Likasi yenu. Julai ile Lumumba alimfanya jenerali na mkuu wa jeshi, na Mobutu akawekwa kuwa mnadhimu mkuu wa jeshi (chef d'état-major). Ukitaka kuandika mtu anayerushwa vipandio vyote kwa siku moja, mfikirie asubuhi yake ya kwanza ofisini: nani anampigia saluti kwa moyo, na nani anampigia kwa mkono tu.

Dada wa Katuba: Kazi ya kuongoza magari naiona ndogo kwa hadithi. Niiache?

Jibu: Usiiache, dada. Panda basi ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku ambayo malori yamefunga barabara. Tazama madereva wanavyolala chini ya matrela, wanavyopika bukari (ugali) kandokando, wanavyogombana nani alitangulia. Sasa weka hapo malori mia ya jeshi, mafuta ya siku mbili tu, na raia wanaokimbia wakija upande wa pili. Kaporali mmoja mwenye kitambaa cheupe amesimama kwenye njia panda. Akipitisha malori kwanza, raia wanakesha kwenye mvua. Akipitisha raia kwanza, kikosi cha mbele kinakosa risasi. Hana simu inayoshika, na koloneli yuko mbali.

Kijana wa Ruashi: Yaya, la mwisho. Na hawa banidamu wakikosea, nani anawakamata?

Jibu: Nilikuwa nangoja mtu aliulize. Sambalu kuna wakaguzi watano, raia, wanaolipwa na bunge. Wana ufunguo wa kila buloko na wanaingia bila kupiga hodi. Kitu cha kwanza wanachoomba ni daftari la ajida mkuu. Wanahesabu majina, kisha wanahesabu watu. Kwa Jumamosi ijayo niletee ukurasa ambapo majina ni kumi na watu ni kumi na mmoja.