Kabla ya Mtoto Kupanuliwa Umio

Mwanangu alikuwa na miaka mitatu alipokunywa kostiki ya kutengenezea sabuni, iliyokuwa kwenye chupa ya soda nyumbani kwa jirani. Vidonda vya mdomoni vilipona upesi. Umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ulipona kwa kovu, na baada ya wiki chache ukabana. Akawa anatafuna tonge la ugali hadi linalainika kabisa, kisha analitemea kiganjani na kunionyesha.

Tangu hapo tumetoka Bondo kuja Kisumu mara tisa ili umio huo upanuliwe. Hapasuliwi. Analazwa usingizi, kamera nyembamba inapitishwa mdomoni, puto lililonywea linafikishwa penye kovu na kujazwa kwa muda mfupi. Hakuna mshono, na mara nyingi jioni yake tunarudi nyumbani. Wazazi wengine huona hivyo wakadhani hakuna la kutayarisha. Kumbe kazi kubwa iko nyumbani, siku mbili tatu kabla.

La kwanza ni tumbo tupu. Kwa kawaida chakula kigumu na maziwa ya ng'ombe au ya kopo hukatwa masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2. Akiitwa saa 2 asubuhi, basi maziwa ya mwisho ni saa 8 usiku. Lakini kwa watoto wetu masaa hayo pekee hayatoshi, maana chakula huweza kukwama juu ya palipobana na kukaa pale muda mrefu. Safari ya tatu nilifuata masaa yote, na bado kamera ilikuta punje za nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, aliyokula jana yake mchana. Zikirudi kooni mtoto akiwa usingizini, zinaweza kuingia kwenye mapafu. Siku hizi, kwa ushauri wa daktari wake, kuanzia juzi yake anakunywa tu: uji uliochujwa, maziwa, supu ya samaki isiyo na mwiba hata mmoja. Yule ambaye mlango wa chini wa umio wake umekaza haufunguki, daktari anaweza kumwekea siku nyingi zaidi za kunywa tu, kwa hiyo uliza mapema.

Na waambie watu wote wa nyumbani. Dani yake, yaani nyanya yake, hawezi kumwona mjukuu akilia njaa; simlaumu, ila siku hiyo namficha biskuti.

Kama mtoto ana kikohozi, homa au kamasi nzito, piga simu kabla ya kupanda matatu, kwa sababu daktari wa usingizi anaweza kuahirisha. Mwambie pia kuhusu jino linalolegea, dawa anazotumia, na dawa yoyote iliyowahi kumdhuru. Hakikisha jina la mtoto limo kwenye SHA yako, bima ya afya ya serikali, na malipo yako sawa, kisha uulize ni nini utakachotoa mfukoni. Sisi hulala kwa shangazi yake Nyalenda usiku wa kuamkia, tusigombane na matatu ya alfajiri.

Panga na usiku wa baadaye pia. Mara chache umio hutoboka, na dalili huweza kuonekana mkiwa mmeshafika nyumbani: maumivu ya kifua yanayozidi, homa, shingo kuvimba, kupumua kwa shida, mate kumtoka bila kumezeka. Hapo usimpe chochote mdomoni wala usingoje asubuhi. Mimi huongea mapema na mwenye gari la probox wa kijijini, na nauli yake huwa imetengwa.

Nunua daftari. Kila safari naandika tarehe, upana wa puto, na ni wiki ngapi alimeza vizuri kabla ya kubanwa tena. Daktari hulisoma kwanza kabla hajamgusa mtoto, ndipo anaamua tungoje muda gani. Mwanzoni ilikuwa wiki mbili, tukabanwa tena. Mstari wa mwisho unasema: milimita 12, wiki saba, amemaliza chapati.