Somo: Kukusanya saa za kuhudumia wagonjwa kabla ya masomo ya PA bila kujitwisha madeni

Ndugu zangu mlioko Marekani, wengi wetu tulianzia nyumba za wazee bila kujua kwamba kazi ile inafungua mlango wa masomo ya PA, yaani mtaalamu anayepima, anayetambua ugonjwa na kuandika dawa akishirikiana na daktari, mfano wa tabibu kule nyumbani.

Hatua ya kwanza. Chagua vyuo vichache vyenye ithibati ya ARC-PA, yaani tume inayokagua vyuo vya PA, kwa sababu bila ithibati hiyo hutaruhusiwa kufanya PANCE, mtihani wa taifa wa kuwa PA. Andika saa za kuhudumia wagonjwa ambazo kila chuo kinadai: vingine havidai hata moja, vingine hutaka 1,000 au 2,000.

Hatua ya pili. Pata cheti cha CNA, yaani msaidizi wa muuguzi. Sheria ya shirikisho inadai mafunzo yasiyopungua saa 75, na nyumba ya wazee inayolipwa na Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, hairuhusiwi kumtoza ada ya mafunzo mfanyakazi wake wala mtu iliyekwisha kumwahidi kazi. Mimi nilijilipia kwa sababu hakuna aliyeniambia, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo tafuta ajira kwanza, darasa lifuate.

Hatua ya tatu. Weka daftari, na ulijaze kila wiki. Ukifanya kazi saa 24 kwa wiki, wiki 50 zinakupa saa 1,200. Usiandike saa tupu. Andika pia ulichofanya. Saa kumi alfajiri, nikimgeuza mzee mmoja, niliona wekundu kisiginoni usiofifia nilipoubonyeza, nikamwita nesi, naye akaniuliza kwa nini nilikuwa na wasiwasi. Kidonda cha kulalia huanza hivyo. Mistari mitatu niliyoandika asubuhi ile ndiyo iliyonisaidia zaidi nilipojaza maombi ya CASPA, mfumo wa mtandaoni wa kuomba nafasi katika vyuo vya PA, ambao hutenganisha saa za kumhudumia mgonjwa mwenyewe na saa za kazi kama mapokezi.

Hatua ya nne. Soma anatomia, mikrobiolojia na kemia katika chuo cha jamii, baada ya kuhakikisha kwamba vyuo ulivyochagua vinayakubali masomo hayo. Uliza kama mwajiri hulipia karo, kwani anaweza kukupa hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi ya shirikisho. Mkopo wa Grad PLUS, yaani mkopo wa serikali kuu kwa wanaosoma baada ya digrii ya kwanza, unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, hivyo akiba ya sasa ina uzito kuliko zamani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nilikuwa muuguzi Mwanza kwa miaka minne. Je, saa hizo zinahesabiwa?
Jibu: Ziandike zote, dada. Kila chuo huamua chenyewe, kwa hiyo omba jibu la maandishi, na uombe barua kwa msimamizi wako wa zamani kabla hajastaafu.

Swali: Nina viza ya F-1. Naweza kufanya CNA usiku?
Jibu: Hapana, kaka, usifanye kazi nje ya chuo bila kibali, maana utahatarisha hadhi yako ya uhamiaji. Zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwanza.

Swali: Namtunza bibi mmoja nyumbani kwake. Saa hizi zinafaa?
Jibu: Zile za kumwogesha, kumwinua na kumpima presha zina nafasi nzuri ya kukubaliwa, za kupika na kufagia usizichanganye nazo.