Kabla ya kuwasha oveni: vyombo vya kuwa navyo unapoanza kuoka nyumbani

Watu wengi wakiamua kuoka nyumbani, cha kwanza wanachonunua ni mashine ya kuchanganyia. Inang'aa, inavuma, inamfanya mtu ajione fundi. Mimi nilianza hivyohivyo, na keki zangu za mwanzo zilitoka zimepasuka juu na mbichi katikati. Kuchanganya nilichanganya vizuri. Kilichoniangusha ni vipimo na moto, na hayo mashine haiyajui.

Kwa hiyo anza na mizani. Tafuta ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, yenye kitufe cha kurudisha sifuri, ili uweke bakuli juu yake na kuongeza kitu kimoja baada ya kingine bila kuchafua vyombo kumi. Kikombe cha unga hakiaminiki. Ukiujaza unga kwa kijiko taratibu kisha ukasawazisha juu, unapata kama gramu 120. Ukichota kwa kikombe chenyewe na kushindilia, unafika 150 au kupita. Resipi ikidai vikombe vitatu, tayari umezidisha gramu 90, halafu unashangaa keki imekuwa kavu. Tena vikombe vyenyewe havifanani: resipi za Marekani huhesabu kikombe kama mililita 240 hivi, za Australia 250. Hata kijiko kikubwa cha Australia ni mililita 20, wakati kwingi ni 15.

Vijiko vya kupimia usiviache, kwa sababu mizani ya jikoni hubabaika kwenye vitu vya gramu mbili tatu kama chumvi, hamira na bekingi poda. Kijiko cha kukorogea chai si kipimo. Kile cha kupimia ni mililita 5 kamili.

Sasa moto. Namba unayoichagua kwenye swichi ya oveni ni ahadi tu. Oveni nyingi za nyumbani hupishana na namba hiyo kwa nyuzi 10, 20, hata zaidi, na hutaona kwa macho. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni ndicho kifaa kilichonisaidia kuliko vyote. Kiweke katikati, washa nyuzi 180 za Selsiasi, subiri dakika 20, kisha kisome mara kadhaa, maana joto la oveni hupanda na kushuka. Likikaa kwenye 160, umeshajua la kufanya. Jaribio hili lifanye siku ambayo huoki kitu. Bekingi poda huanza kazi mara tu inapolowana, kwa hiyo mchanganyiko ukikaa mezani ukingojea oveni ishike moto, gesi iliyopaswa kuuinua inazidi kupotea.

Kwenye vyombo vya kuokea, chukua rula. Chombo cha duara cha sentimita 20 na cha 23 vinaonekana ndugu, lakini eneo la cha pili ni kubwa kwa karibu theluthi moja. Keki itakuwa nyembamba na itawahi kukauka. Cha mraba cha sentimita 20 kinakaribia sana kile cha duara cha 23, basi hivyo viwili unaweza kubadilishana. Rangi nayo ina neno: chuma cheusi hunyonya joto na kuunguza kingo mapema, kwa hiyo punguza nyuzi 10 au 15. Na kabla hujalipa, pima ndani ya oveni yako. Nina treya moja nzuri sana ambayo mlango wa oveni haufungi ikiwemo. Sasa hivi inahifadhi vitunguu.

Yaliyobaki ni mepesi. Bakuli mbili kubwa, moja iwe ya chuma au kioo, kwani plastiki hung'ang'ania mafuta, na mafuta kidogo tu yanatosha kuuzuia ute wa yai usiumuke. Mchapo wa waya wa kupigia mayai. Mwiko wa mpira wa kukombea bakuli. Chekecheo la unga. Glovu nene, zikiwa kavu. Kitambaa chenye unyevu hupitisha joto hadi kwenye vidole upesi kuliko unavyodhani. Karatasi ya kuokea pia, ila soma pakiti: karatasi ya nta si hiyo, nta huyeyuka na kutoa moshi.

Waya wa kupoozea watu huudharau. Keki ikiachwa ndani ya chombo mpaka ipoe, mvuke hukosa pa kutokea na sehemu ya chini inalowa. Iache dakika 10 ishikamane, kisha igeuze juu ya waya. Kama huna, waya wa ziada wa oveni unafaa, mradi uwe umeutoa kabla hujawasha.

Ile mashine nayo ina zamu yake. Siagi laini na sukari unaweza kuzisaga kwa mwiko wa mbao mpaka zipauke, na ute wa mayai matatu mchapo unauweza, kwa jasho kidogo. Ukiona unaoka kila wiki na bega linalalamika, nunua ndogo ya kushika mkononi.