Somo: Kutafuta grafu mbili zinapokatana kwa kalkuleta ya grafu ya TI-84 Plus

Nawaandikia hasa vijana wetu walioko Marekani wanaojiandaa na AP Calculus, mtihani wa kalkulasi wa ngazi ya chuo unaofanywa sekondari. Tutatumia mlinganyo mmoja tu: cos x = x. Kwa kalamu haufunguki hata ukeshe nao.

Hatua ya 1. Bonyeza MODE, chagua RADIAN, kisha ENTER. Hapa msiruke. Wengi wanaolalamika kwamba kalkuleta imewadanganya walikosea hapa. Ikiwa kwenye digrii, grafu ya cos x itaonekana kama kamba iliyovutwa ikanyooka, na jibu litakuja 0.99985. Halina dalili yoyote ya ubovu, ndiyo maana watu hulinakili bila wasiwasi.

Hatua ya 2. Bonyeza Y=. Kwenye Y1 andika cos(X), kwenye Y2 andika X. Tazama juu ya kioo: Plot1 ikiwa imekolezwa weusi, panda kwa mshale, bonyeza ENTER uizime.

Hatua ya 3. ZOOM, kisha 6. Utaona kuanzia -10 hadi 10.

Hatua ya 4. 2nd, TRACE, kisha 5. Itauliza grafu ya kwanza: ENTER. Ya pili: ENTER. Ikikuuliza Guess (kisio lako), sogeza alama karibu na makutano ndipo ubonyeze ENTER. (Grafu zikikatana mara nyingi, kwa kawaida hukupa makutano yaliyo karibu na alama yako.) Utapata X=.73908513.

Hatua ya 5. Kwenye karatasi anza na mlinganyo, cos x = x, halafu x = 0.739. AP wanataka usahihi wa desimali tatu, na majina ya vitufe si hesabu, usiyaandike. Tena kati ya maswali 6 ya kujieleza, ni 2 tu yanayoruhusu kalkuleta.

Maswali ya wanachama

– Mwalimu, nikiandika -X+2 inaniletea ERR:SYNTAX. Nimeandika upya mara tatu.
Umetumia kitufe cha kutoa. Alama ya hasi ni (-), safu ya chini kabisa, kushoto kwa ENTER.

– Binti yangu yuko Kenya, anafanya KCSE. Nimtumie hii?
Hapana, dada. Kule wanaruhusu kalkuleta zisizopiga kelele na zisizopokea programu. Hii inapokea programu, atazuiliwa nayo. Mnunulie ya sayansi ya kawaida.

– Kwa SAT, mtihani wa kuombea vyuo, je?
SAT sasa inafanywa kwenye kompyuta na Desmos, kalkuleta ya grafu ya kompyuta, imo humo humo. Unaweza kubeba yako pia. Mimi ningebeba, maana vidole vimeshaizoea.

– Kaka yangu ameniachia TI-89. Si ndiyo kali zaidi?
Ni kali kweli, inafungua hadi milinganyo ya herufi. Kwa sababu hiyo hiyo ACT, mtihani mwingine wa kuombea vyuo, hawaitaki. AP wanaikubali.