Somo: Laptopu inakufa na skrini ya bluu baada ya apdeti? Usikimbilie kupiga Windows upya

Wadau, apdeti ikileta shida watu wanakimbiza mashine kwa fundi, inapigwa Windows upya, picha na kazi za watu zinapotea, kumbe mara nyingi ilikuwa draiva moja tu, yaani kaprogramu kanakoendesha kifaa kimoja cha mashine kama kadi ya picha au waifai. Inauma sana, ndo maana nimeandika hili.

Kwanza kabisa ikitokea ile skrini ipige picha kwa simu. Angalia Stop code (jina la kosa lililoandikwa hapo), na kama kuna mstari wa What failed soma jina la faili linaloishia na .sys, huyo ndo mshukiwa wako. nvlddmkm.sys ni kadi ya picha ya NVIDIA, igdkmd64.sys ni ya Intel, amdkmdag.sys ni AMD, zinazoanza na rtw mara nyingi ni waifai ya Realtek. Windows 11 za karibuni skrini ni nyeusi badala ya bluu, isikuchanganye.

Kama inawaka hata dakika chache, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, ingia Device Manager, fungua Display adapters kama mshukiwa ni kadi ya picha au Network adapters kama ni waifai, bofya kulia, Properties, tabu ya Driver, Roll Back Driver, hiyo inarudisha draiva ya zamani. Ristati.

Haifiki hata kwenye desktopu? Iwashe, ikianza tu kupakia Windows shikilia kitufe cha pawa mpaka izime, rudia mara mbili tatu itakuletea yenyewe ukurasa wa matengenezo. Ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, bonyeza 4. Hiyo ni Safe Mode, humo inatumia draiva za msingi tu, ile mbovu haipakiwi, kwa hiyo unapata nafasi ya kufanya roll back.

ANGALIZO: ikikudai BitLocker key (ufunguo wa kufungua diski iliyofungwa kwa usalama) usibahatishe na usikubali mtu afomati! Ni tarakimu 48, mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu uitafute.

MASWALI

Mkuu Roll Back Driver yangu imefifia haibonyezeki?
– Basi hakuna draiva ya zamani iliyobaki. Chagua Uninstall device, weka tiki ya kufuta draiva, ristati, halafu shusha nyingine kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu, modeli yako kamili. Zile programu za kuapdeti draiva zote bure achana nazo.

Nilifanya ikawa poa, kesho yake Windows ikairudisha ile ile jamani
– Rudia roll back, halafu Settings, Windows Update, Pause updates, unaweza kusimamisha mpaka wiki 5. Humo katikati fuatilia toleo jipya la hiyo draiva.

Mi kila ikizima code ni tofauti na jina la faili halipo
– Hapo shuku RAM (memori ya mashine) kabla ya draiva dada, andika mdsched, ndo kipimo cha RAM cha Windows, kwenye sehemu ya kutafuta, ikubalie iristati ipime, kisha weka majibu hapa tuyaangalie.