Namna ya Kusoma Hulka na Hali ya Moyo ya Mwanamichezo ili Kuongoza Mazoezi Yake

Kocha anayepokea mchezaji mpya mara nyingi hujiuliza kama kijana huyo ana hulka ya ubingwa. Swali hilo liliwashughulisha sana wanasaikolojia wa michezo katika miaka ya 1960 na 1970, na majibu waliyoyapata hayakuwa na uzito wa kutosha kumteua mtu wala kumwacha, kwa sababu mabingwa hutoka miongoni mwa wakimya na wasemaji, wenye wahaka na watulivu. Swali lenye faida zaidi ni hili: mwanamichezo huyu, kwa hulka aliyonayo, ameamka na moyo wa namna gani leo, na hali hiyo inadai mazoezi yake yaendeshwe vipi? Kulijibu kunahitaji daftari, kalamu na dakika mbili za kila asubuhi.

Hulka ni mwelekeo wa kudumu wa mtu, unaobadilika polepole kwa kipindi cha miaka, ilhali hali ya moyo huweza kugeuka kati ya asubuhi na jioni. Hulka haipaswi kupuuzwa, ila itumike mahali pake, yaani katika kuamua namna ya kuzungumza na mchezaji. Mwenye wahaka wa kuzaliwa nao hulibeba kosa moja hadi mwisho wa mchezo, kwa hiyo apewe maelekezo machache, mapema, na asirushiwe jambo jipya dakika ya mwisho. Mkimya asahihishwe pembeni. Mwenye bidii na utaratibu, ambaye hulka yake kwa kweli humsaidia sana katika miaka mingi ya mazoezi, ndiye anayehitaji kuangaliwa kwa jicho la karibu zaidi, maana atamaliza kila zoezi uliloliandika hata siku ambayo mwili unamkataza.

Kuhusu hali ya moyo, msingi uliwekwa nchini Marekani mwaka 1971, lilipochapishwa dodoso lenye maneno 65 linalopima mambo sita: wasiwasi, huzuni, hasira, uchangamfu, uchovu na mkanganyiko wa mawazo. Mwanasaikolojia William Morgan aliona kwamba wanamichezo wengi waliofanikiwa huwa juu ya wastani wa watu katika uchangamfu na chini ya wastani katika yale matano mengine, na mchoro wa alama zao ukafananishwa na mlima wa barafu ambao kilele chake pekee hutokeza juu ya maji. Baadaye Peter Terry na wenzake walilifupisha dodoso hilo hadi maneno 24, ili mchezaji aweze kulijaza hata muda mfupi kabla ya mashindano.

Hapa naomba msomaji awe mwangalifu. Mchoro huo unavutia, lakini uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi mwaka 1995 ulionyesha kwamba unaeleza chini ya asilimia 1 ya tofauti iliyopo kati ya wanamichezo waliofanikiwa zaidi na waliofanikiwa kidogo. Kwa hiyo usiutumie kumlinganisha mchezaji mmoja na mwenzake. Mlinganishe mchezaji na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita.

Fanya hivi. Kila asubuhi, kwa saa ileile na kabla ya mazoezi, mchezaji aandike yale mambo sita na kuyapa alama kuanzia 0, yaani hakuna kabisa, hadi 4, yaani kwa kiwango kikubwa mno. Aongeze saa alizolala na sentensi moja tu kuhusu siku iliyopita. Kwa wiki mbili za mwanzo usibadilishe chochote katika ratiba kwa sababu ya alama hizo, kwani kazi ya kipindi hicho ni kujua kawaida yake. Kuna watu ambao wasiwasi wa 2 ndio utulivu wao. Mchezaji ajaze peke yake, na aambiwe waziwazi kwamba daftari halitatumika kupanga kikosi. Ukimwacha nje ya timu hata mara moja kwa sababu ya alama zake, kuanzia siku hiyo utasomewa uchangamfu wa 4 kila asubuhi, na daftari litakuwa limekufa.

Tuchukue ukurasa mmoja wa mkimbiaji wa masafa ya kati. Jumatatu ana uchangamfu 3, uchovu 1, hasira 0. Jumatano anakimbia vipande vikali vya mita 400. Alhamisi anaandika uchangamfu 1, uchovu 3, hasira 2, na chini yake: “Nimemfokea mdogo wangu kwa sababu ya viatu.” Hakuna la kutisha hapo, mzigo ulikuwa mzito na mwili umejibu. Linalotakiwa kukusimamisha ni ukurasa wa Jumapili, ikiwa amepumzika siku mbili na uchangamfu bado ni 1, huku huzuni ambayo wiki zote ilikuwa 0 sasa imefika 2. Hapo punguza mzigo kwanza, kisha ndipo utafute chanzo. Morgan na wenzake, katika ripoti yao ya mwaka 1987 kuhusu waogeleaji waliofuatiliwa kwa takriban miaka kumi, walionyesha kwamba hali ya moyo huharibika kadiri mzigo wa mazoezi unavyoongezeka, na hurejea mzigo unapopunguzwa. Isiporejea, mchezaji yuko njiani kuelekea uchovu wa kupindukia ambao huweza kumgharimu msimu mzima.

Siku ya mashindano inahitaji kazi nyingine. Mwanasaikolojia Yuri Hanin alionyesha kwamba kila mchezaji ana kiwango chake cha wasiwasi ambacho ndani yake hufanya vizuri, na kwamba kiwango hicho huweza kuwa cha chini, cha kati au cha juu. Mwombe mchezaji akumbuke mashindano matatu aliyofanya vizuri kuliko yote na matatu aliyovurunda, kisha aandike alivyojisikia saa moja kabla ya kila moja. Mpangilio ukijitokeza, mnajua mnatafuta nini. Aliye juu ya kiwango chake apumue kwa dakika chache akirefusha pumzi ya kutoka kuliko ya kuingia. Aliye chini apashe mwili moto kwa miruko mifupi na mbio za kasi. Usimtulize kila mtu kwa mazoea. Kuna wanaopoteza makali yao kwa kutulizwa.

Jambo ambalo makocha wengi hulisahau ni huzuni. Andrew Lane na Peter Terry walipendekeza mwaka 2000 kwamba hasira na wasiwasi huweza kumsukuma mchezaji mbele pale ambapo huzuni haipo, lakini huzuni ikiwepo, hata kidogo, hasira ileile humgeukia mwenyewe ikawa lawama, na wasiwasi ukawa kukata tamaa. Kwa sababu hiyo, ukisoma daftari, anza na mstari wa huzuni kabla ya kuangalia mingine.

Mstari huo ukikaa juu ya kawaida yake kwa wiki mbili mfululizo, au usingizi na hamu ya kula vikipotea, kazi imevuka mipaka ya kocha. Mpeleke kwa daktari, kwani upungufu wa damu, maambukizi au kula kusikolingana na mazoezi huweza kuleta picha hiyohiyo, na umwombe daktari azungumze naye kuhusu sonona pia, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Akitamka kwamba hataki kuishi, usimwache peke yake, na msaada utafutwe siku hiyohiyo. Mwambie mapema kwamba nafasi yake katika timu inamngoja, kisha andamana naye hadi mlangoni ikiwa anataka.